Kikokotoo cha saratani kimempa mdogo wangu asilimia 33

Shikamoo Sista,

Nina miaka 52, naishi Tanga. Nakuandikia habari za mdogo wangu wa mwisho, mwanamume wa miaka 44, fundi wa mashine za boti pale Deep Sea. Baba yetu alifariki huyu akiwa darasa la tatu, kwa hiyo mimi ni dada yake na ni mama yake pia.

Mwaka jana mwezi wa nane aliota tezi shingoni, upande wa kushoto. Kila jioni homa, usiku jasho mpaka wifi yangu anabadilisha shuka mara mbili. Hospitali tuliyokwenda walisema ni TB ya tezi, wakamwanzishia dawa bila kumkata kinyama. Akazimeza miezi minne, hakuruka hata siku moja. Tezi zikaongezeka, za kwapani nazo zikatoka, kilo zikashuka kutoka 74 hadi 58. Ndipo daktari mwingine alipompapasa akasema huyu akatwe kinyama leo hii. Majibu yalichukua wiki tano: saratani ya tezi, limfoma ya seli T, na mwishoni wameandika "aina haikubainishwa". Damu ya vipimo vingine ilichukuliwa hapa ikapelekwa Dar es Salaam kwa basi, na sisi tukafuata na rufaa. Siku tunafika alikuwa hawezi kusimama. Mwanangu na kijana mmoja wa pale getini walimbeba, wakamlaza kwenye benchi la mapokezi.

Mpaka sasa amepata dripu mbili za kemo. Wanasema zote ni sita, moja kila baada ya siku 21. Sista, ile tezi ya shingo imenywea. Nywele zimekwisha, anashinda na kofia, lakini anakula. Juzi nilimkuta barazani ametandika gazeti, amefungua kabureta ya mtu, anaisugua kwa mswaki wa zamani.

Sasa sikia kilichotufika. Mwanangu yuko chuo. Alipiga picha karatasi za faili la mjomba wake, akaziingiza kwenye kikokotoo cha intaneti. Kipimo cha damu kiitwacho LDH kiko juu, uboho ni safi, na pale walipouliza hali ya mgonjwa akaandika vile alivyokuwa siku ile ya benchi. Jibu likaja: asilimia 33 ya kuwa hai baada ya miaka mitano. Alinionyesha jikoni huku analia. Mimi nami sikuweza kukaa nalo, nikampelekea baba mdogo. Baba mdogo akaita kikao cha ukoo, mgonjwa hakuambiwa. Akasema: "Asilimia 33 huyo ni mtu wa kuondoka. Kiwanja cha Pongwe kisiuzwe kwa ajili ya dripu, watoto wake watabaki na nini? Arudi nyumbani, atafutiwe dawa za mizizi, apumzike." Mjomba anasema kiuzwe chote hata kesho. Wanagombana na mimi niko katikati.

Wifi yangu hajui lolote. Na mdogo wangu ameanza kushtuka. Ameniuliza, "Dada, mbona nikiingia mnanyamaza?" Nikamwambia tunapanga mambo ya harusi ya binti wa mjomba. Alinitazama tu, akarudi kwenye kabureta yake.

Hiyo namba ni ya kweli? Tuendelee na dripu au baba mdogo ana hoja? Na yeye nimwambie au nimfiche? Dripu ya tatu ni wiki ijayo na nauli bado sijaipata.

Dada Mkubwa, Tanga

*

Marahaba, dada yangu.

Dripu ya tatu asiikose. Naanza na hilo kwa sababu siku zinakwenda na ukoo bado uko kikaoni. Nauli ya wiki ijayo ichangwe leo, kwa simu, kabla ya mjadala wowote wa Pongwe. Mengine tutayaongea huku basi limeshakatiwa tiketi.

Nimekaa miaka mingi kwenye wodi ya saratani kabla ya kustaafu, na nimeona mara nyingi namba ikiingia ndani ya nyumba na kukaa kama mkuu wa kaya. Kwa hiyo nataka uijue hiyo 33 ilivyopikwa.

Mwanao hakukosea hesabu. Kikokotoo alichotumia, kwa maelezo uliyonipa, kinauliza mambo manne: umri umepita miaka 60? LDH ya damu iko juu? Ugonjwa umeingia kwenye uboho? Mgonjwa ameshindwa kujimudu? Kila "ndiyo" ni alama moja. Mdogo wako umri bado na uboho ni safi, kwa hiyo ana alama mbili, ya LDH na ya kubebwa. Wataalamu wa Italia walifuatilia mafaili ya wagonjwa 385 wenye limfoma ya namna hii, wakachapisha matokeo mwaka 2004. Wasio na alama hata moja, asilimia 62 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Alama moja, asilimia 53. Mbili, 33. Tatu au nne, 18.

Hiyo ndiyo 33 yenu. Inasema kwamba katika kila watu mia waliokuwa na alama mbili kama zake, 33 hivi walifika miaka mitano, wengine 67 hawakufika. Haisemi yeye ni wa kundi lipi. Wote 385 walitibiwa kabla ya 2004, kwa hiyo hakuna hata mmoja aliyepata jambo lolote lililogunduliwa baada ya hapo. Na mwanao akifungua kikokotoo kingine, kile cha mwaka 1993 kwa mfano, kilichotengenezwa kwa limfoma kali kwa jumla, kitamuuliza maswali mengine na kumpa namba nyingine kwa mgonjwa yuleyule.

Hebu tuzitazame hizo alama mbili kwa karibu.

LDH ni kimeng'enya kilichomo ndani ya chembe za mwili. Chembe nyingi zikifa au zikipasuka, kinamwagika kwenye damu, ndiyo maana saratani inayokua haraka hukipandisha. Lakini kimo pia ndani ya chembe nyekundu za damu. Damu ikitikiswa njiani, chembe nyekundu zikapasukia ndani ya kichupa, LDH inasomeka juu hata kama mwenye damu hana saratani. Ukikiacha kichupa kama hicho kitulie, yale maji ya juu ambayo yangekuwa ya manjano yanakuwa na wekundu. Malaria nayo huipandisha. Damu ya mdogo wako ilisafiri kwa basi kutoka Tanga hadi Dar. Muulize daktari kama maabara iliandika kuwa sampuli ilikuwa imeharibika, na kama LDH ilipimwa tena palepale Dar kabla ya dripu ya kwanza. Sikuambii kwamba alama hiyo ni ya uongo. Kwa tezi za shingoni na kwapani, homa na kilo 16 zilizopotea, inawezekana kabisa ni ya kweli. Nataka tu ujue kwamba kikokotoo hakikuuliza damu ilisafirije.

Alama ya pili inaniuma. Alibebwa kwa sababu ya ugonjwa, na ugonjwa ulipewa miezi minne ya kukua huku akimeza dawa za TB. Makosa haya nimeyaona mno. Tezi, homa, jasho la usiku, kukonda: TB na limfoma zinafanana kama ndugu, na kwa kuwa TB ni nyingi kwetu, mtu anaanzishiwa dawa bila kinyama kukatwa. Hata hivyo mwanao asirudi kwenye kikokotoo akaandika "sasa anatengeneza kabureta" ili namba ipande. Kipimo hicho kinasoma hali ya mgonjwa kabla ya dawa, na wale Waitaliano walisomwa hivyohivyo. Kabureta ni habari njema sana, ila inahesabika mahali pengine, nitakufikisha.

Kabla ya hapo, rudi kwenye yale maneno ya mwisho wa majibu, "aina haikubainishwa". Mimi ningekuwa wewe, hayo ndiyo yangeninyima usingizi kuliko 33. Limfoma za seli T, yaani za aina mojawapo ya chembe nyeupe za kinga, ni nyingi na hazina tabia moja. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti uliokusanya wagonjwa 1,314 kutoka hospitali 22 za nchi mbalimbali. Wenye aina isiyobainishwa, asilimia 32 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Kuna aina ya chembe kubwa zenye protini iitwayo CD30: wale ambao chembe zao zina pia protini iitwayo ALK walikuwa asilimia 70, wasio nayo 49. Ipo nyingine ambayo madaktari wa Japani waliieleza mwaka 1977, wakaona wagonjwa wao wengi wamezaliwa Kyushu, baadaye ikajulikana inaletwa na kirusi cha HTLV-1 kinachopita kwa maziwa ya mama, damu na kujamiiana. Hiyo ilikuwa asilimia 14. (Ukisikia kirusi usitishike. Wengi walio nacho hawaugui saratani hiyo maisha yao yote.)

Sasa, "haikubainishwa" wakati mwingine maana yake walipaka rangi zote za kupimia, isipatikane aina nyingine. Wakati mwingine maana yake rangi zilikwisha, au hazikuwepo. Kile kinyama hakikutupwa. Kimehifadhiwa ndani ya kipande cha nta, maabara, na kinaweza kukatwa tena utando mwembamba na kupimwa. Muulize daktari maneno haya: "CD30 na ALK vilipimwa? HTLV-1 ilipimwa? Kama havikupimwa, kipande cha nta kiko wapi?" Yaandike kwenye daftari, ukifika mbele ya daktari yatakutoka.

Na kabureta. Mwaka 2017 ulitoka utafiti wa wagonjwa 775 wa limfoma za seli T wa Marekani, Sweden na Canada, waliotibiwa kwa nia ya kuponya. Waliacha kuuliza mgonjwa alikujaje, wakauliza miezi 24 baada ya kugundulika imemkutaje. Nitakuambia pande zote mbili kwa sababu wewe ni mtu mzima na umebeba mengi. Wale ambao ugonjwa haukusikia dawa, au ulirudi kabla ya miezi 24, nusu yao hawakufika miezi mitano tangu hapo. Wale waliovuka miezi 24 ugonjwa haujarudi, asilimia 78 walikuwa hai miaka mitano mingine mbele. Unaona? Mtu huyohuyo aliyeingia na alama mbili anaweza kutokea mlango wowote kati ya hiyo, na kinachoonyesha ni mwili wake unavyoijibu dawa. Tezi iliyonywea baada ya dripu mbili ni mwanzo mzuri, lakini kidole chako shingoni hakitoshi, za tumboni na kifuani huzigusi. Uliza kipimo cha picha cha katikati ya matibabu kitafanyika baada ya dripu ya ngapi, na msiache nacho.

Kwa hiyo baba mdogo, kwa heshima zote, amechukua namba ya watu waliotibiwa akaitumia kuamua mtu asitibiwe. Wale 33 walifika huko wakiwa wamepata dawa. Akirudishwa nyumbani leo, hata hiyo 33 anaiacha hospitali. Limfoma hii ni kali, ikiachwa nusu njia inarudi na nguvu, na mara nyingi haisikii tena dawa za kwanza. Mizizi nayo asipewe kimyakimya. Kemo inapita kwenye ini, na sijui mtu atakayeweza kusema kilichomo kwenye chupa hiyo kitagombana na nini. Akitaka kunywa chochote, daktari aambiwe.

Lakini baba mdogo ana hoja moja ya haki: watoto. Mjomba anayetaka kuuza kiwanja chote kesho naye anakwenda mbio. Bado dripu nne. Kaeni muandike gharama ya dripu moja, nauli ya watu wawili, malazi ya Dar, vipimo, mzidishe kwa nne, ndipo mjue mnatafuta shilingi ngapi. Kabla ya kugusa ardhi, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mnayotibiwa, ukiwa na barua ya serikali ya mtaa, uombe msamaha wa gharama. Wengi hawaendi kwa aibu. Nimeshuhudia familia ikiuza ng'ombe wote wakati ile ofisi ilikuwa mlango wa tatu kutoka wodini.

Na hicho kiwanja si kina sehemu yake? Mnajadili mali ya mtu aliye hai, mwenye akili timamu, anayesugua kabureta barazani, nanyi mnamnyamazia akipita. Hapa ndipo nitakuwa mkali kwako kidogo, dada yangu. Namba hiyo imesomwa na mtoto, ikapelekwa kwa baba mdogo, ikajadiliwa na ukoo mzima. Waliobaki bila kuijua ni mwenye mwili na mkewe. Ana madeni anayoyajua yeye, ana vifaa vya watu gereji, ana watoto ambao angependa kusema nani awaangalie. Na ameshajua kuna kitu. Ile "alinitazama tu" uliyoniandikia, mimi nimeiona kwenye vitanda vingi. Mgonjwa anayefichwa anabaki peke yake na hofu yake, kisha anaanza kuwalinda ninyi kwa kujifanya hajui.

Usimwendee na asilimia, wala usimpe mwanao kazi ya kumwonyesha simu. Kaa naye yeye na wifi, asubuhi, kabla watu hawajajaa. Mwambie ulimdanganya kuhusu harusi, na kwamba unaomba radhi. Kisha muulize: "Kuhusu ugonjwa wako, unataka kujua kiasi gani? Vyote, au tunayotakiwa kufanya tu?" Wapo wanaotaka hesabu yote, wapo wanaosema niambieni siku ya dripu basi. Jibu lolote atakalotoa ndilo mtalifuata. Akitaka hesabu, mpeleke kwa daktari wake aisikie akiwa amekaa hapo na karatasi zake, aulize mwenyewe. Akiuliza "nitakufa?", sema kweli: ugonjwa ni mkali, wapo wanaopona, mpaka sasa umesikia dawa, na hakuna anayejua zaidi ya hapo mpaka vipimo vijavyo. Akilia, mwache alie. Wewe pia.

Mwanao naye asiachwe na mzigo wa kuona ameua mjomba kwa simu. Mpe kazi ya daftari: tarehe za dripu, uzito, joto la mwili, maswali ya daktari.

Joto la mwili nimelisema makusudi. Baada ya kila dripu, hasa siku ya 7 hadi ya 14, chembe nyeupe za kinga huwa chini kabisa. Nunua kipimajoto. Kikisoma 38 au zaidi, hata saa nane ya usiku, ni hospitali saa ileile, na mnasema mlangoni "yuko kwenye kemo". Asipewe panadol kusubiri asubuhi. Homa ya siku hizo inaweza kumuua mtu ambaye saratani yake inaisha. Mkojo mwekundu siku moja au mbili baada ya dripu ile nyekundu usiwatishe, ni rangi ya dawa inatoka.

Nauli ikikwama mpaka Jumapili, niandikie tena, hata kama ni usiku. Na ukitoka kuongea naye, niambie alichagua kujua kiasi gani.

Sista